Kadi Inapokaribia Kuisha Muda: Majibu kwa Wasomaji wa Tukuyu na Rungwe

Bima ya afya, kwa maana inayotumika katika safu hii, ni makubaliano ambamo watu wengi huchangia fedha kabla ya kuugua ili wachache watakaougua walipiwe gharama za matibabu, na kwa kuwa hakuna ajuaye mapema iwapo atakuwa katika kundi la wengi au la wachache, makubaliano hayo huandamana na manung'uniko tangu siku ya kwanza. Manung'uniko hayo hupanda katika mwezi ambao kadi inakaribia kuisha muda wake, pale mwanachama anapolazimika kuamua kama atalipia tena ileile, atahamia nyingine, au atabaki bila kadi akitegemea tangawizi na rehema za Mungu. Barua zilizopokelewa kutoka Tukuyu, Kiwira, Katumba na Masoko zinaonyesha kwamba wasomaji wengi hulinganisha bima kama mtu anayelinganisha mikungu ya ndizi sokoni, yaani kwa kuuliza bei na kukadiria uzito kwa mkono, ilhali bima haina uzito wowote mpaka siku inapotumika. Barua hizo zimefupishwa, majina ni yale ambayo wenye barua walijichagulia wenyewe, na matusi yaliyoelekezwa kwa mashemeji yameondolewa.

Asiyeugua wa Katumba

Msomaji huyu, mkulima wa chai mwenye umri wa miaka 27, anaeleza kwamba aliiandikisha kaya yake katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao wengi huuita CHF, kwa shilingi 30,000, kwamba mwaka mzima umepita bila yeye kuumwa hata mafua, na kwamba sasa anataka kuelekezwa ofisi itakayomrudishia fedha zake au, ikishindikana, itakayomhifadhia ugonjwa wa mwaka huu autumie mwakani.

Ofisi hiyo haipo, na ni vizuri kwamba haipo, kwa sababu fedha anazozidai zilikwishatumika kumtibu mtu mwingine, na huyo mtu mwingine, kwa mujibu wa ukurasa wa pili wa barua yake mwenyewe, alikuwa binti yake wa miaka minane aliyelazwa siku tatu kwa nimonia katika hospitali ya wilaya pale Makandana. Mfuko huo ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001, kisha ukaboreshwa na kuenezwa nchini kuanzia mwaka 2018 kwa kiwango cha shilingi 30,000 kwa kaya yenye watu wasiozidi sita. Kwa hiyo kaya iliyojaza nafasi zote sita ililipa shilingi 5,000 kwa kila kichwa kwa mwaka, kiasi ambacho hakimtoshi mgonjwa mmoja kununua dozi, kulipia vipimo na kulala kitandani. Kiasi kidogo namna hiyo huweza kufanya kazi kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba waliomo mfukoni wasiwe wagonjwa wote kwa wakati mmoja.

Sharti hilo linaeleweka vizuri zaidi Rungwe kuliko mahali pengine, kwa sababu wilaya hii ina historia ya mpangilio wa jamii ambao, kwa mtazamo wa bima, ungekuwa balaa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey Wilson katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake *Good Company*, kilichochapishwa mwaka 1951, jinsi wavulana wa rika moja walivyokuwa wakiondoka katika makazi ya baba zao na kuanzisha kijiji chao wenyewe, wakaoa humo, wakazaa humo na kuzeeka humo pamoja. Kwa urafiki, kwa ulinzi na kwa mazungumzo ya jioni mpangilio huo ulikuwa na fadhila zake, lakini kama kila kijiji cha rika kingekuwa na mfuko wake wa matibabu, mfuko huo ungejaa fedha kwa miaka ishirini ya mwanzo, wakati wanachama wote wana misuli na meno kamili, kisha ungekauka ndani ya misimu michache, wakati wanachama wote wamepata shinikizo la damu, maumivu ya magoti na mtoto wa jicho kwa pamoja. Mfuko wa bima unahitaji kinyume cha kijiji cha rika: kijana, mama yake na babu yake wawe chini ya paa moja la hesabu, ili uzima wa mmoja ulipie udhaifu wa mwingine, na zamu ibadilike miaka inavyokwenda.

Asiyeugua wa Katumba, kwa kutaka kujitoa, anajenga kijiji cha rika upya bila kujua. Vijana wenye afya wakijitoa, wanaobaki ni wale wanaougua mara nyingi. Gharama kwa kila mwanachama hupanda, mchango hupandishwa, na kupanda huko huwatoa wale wenye afya ya wastani, mpaka mfuko unabaki na wagonjwa mahututi na mhasibu. Ulazima huzuia hali hiyo: Ujerumani, ilipotunga sheria yake ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883 chini ya Bismarck, iliifanya kuwa ya lazima, ingawa Wajerumani haohao walipojenga boma lao Tukuyu, mji ambao wakati huo waliuita Neu-Langenburg, hawakukumbuka kuja na sheria hiyo. Tanzania imefuata mantiki hiyo kwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, ambayo inamtaka kila mkazi awe na bima. Msomaji anashauriwa kulipa, na kumshukuru binti yake kwa kuitumia kadi ambayo yeye aliiona haina kazi.

Mama Viazi wa Kiwira

Mfanyabiashara wa viazi mviringo, mama wa watoto wanne, anauliza kifurushi kipi ni cha nafuu zaidi kwa mtoto mmoja tu, yaani yule wa tatu mwenye pumu, kwa kuwa wale wengine watatu, kwa maneno yake, wana afya kama ndama wa Mwakaleli na kuwalipia ni kutupa fedha.

Swali hili liliulizwa na wazazi wengi kabla yake, na jibu lake limekwishaandikwa katika historia ya Toto Afya Kadi, mpango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, ambamo mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Mpango huo ulisitishwa mwezi Machi 2023, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya watoto walioandikishwa walikuwa ni wale ambao tayari walikuwa wagonjwa. Kwa maneno mengine, nchi nzima ilikuwa imejaa akina Mama Viazi. Mpango uliporejeshwa baadaye ulikuja na masharti mapya, na mama huyu hana budi kuyasoma kabla ya kumwandikisha mwenye pumu peke yake.

Kuhusu vifurushi vyenyewe, NHIF ilianza kuviuza kwa watu walio nje ya ajira rasmi mwishoni mwa mwaka 2019 kwa majina ya Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, bei ikitegemea umri, ukubwa wa familia na upana wa huduma. Baadaye vikaja Ngorongoro Afya na Serengeti Afya. Majina yamehama kutoka katika vitenzi kwenda katika hifadhi, na wakazi wa Rungwe, ambao hifadhi yao ya jirani ni Kitulo, wana haki ya kusubiri zamu yao. Hata hivyo jina halimtibu mtu. Kinachotakiwa kulinganishwa ni kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma, vipimo na dawa ambazo bima imekubali kuzilipia, kwa sababu vifurushi viwili vinaweza kupishana kidogo kwa bei na kupishana sana katika jambo moja ambalo ndilo pekee linalomhusu mteja.

Njia ya kufanya ulinganisho huo haihitaji mtaalamu. Mama Viazi anayo daftari anamoandika wadeni wake wa magunia, na katika kurasa za nyuma za daftari hilohilo anaweza kuandika kila safari ya hospitali iliyofanywa na kaya yake katika miezi kumi na miwili iliyopita: nani aliugua, alitibiwa wapi, alipewa dawa gani, alilipa kiasi gani, na nauli ilikuwa kiasi gani. Orodha hiyo ikishakamilika ichukuliwe hadi ofisi ya bima, na kila mstari uulizwe peke yake iwapo kifurushi kinachopendekezwa kingeulipia. Dawa ya kuvuta ya mtoto mwenye pumu, kwa mfano, itajwe kwa jina lililoandikwa kwenye boksi lake, si kwa kuuliza tu kama "pumu imo", kwa kuwa ugonjwa unaweza kuwa ndani ya kitita wakati dawa anayoitumia mtoto iko nje yake. Wakala anayejibu mistari yote kwa neno "ndiyo" bila kufungua kitabu chake aagwe kwa heshima, na wakala mwingine atafutwe.

Mkazi wa Msasani

Msomaji huyu anasema alimpigia simu wakala mmoja aliye mbali, akajitambulisha kuwa ni mkazi wa Msasani, akatajiwa bei ya CHF ya shilingi 150,000 kwa kaya, akazimia kidogo.

Tukuyu ina kata ya Msasani kama ilivyo na kata ya Bagamoyo, na aliyezipa kata hizo majina ya pwani hakufikiria matatizo ya simu. Kiwango cha shilingi 150,000 kilipangiwa Dar es Salaam, ambako pia kuna Msasani, wakati mikoa mingine, Mbeya ikiwemo, ilipangiwa shilingi 30,000. Kabla ya kulipa, msomaji aulize kiwango kinachotumika sasa katika ofisi ya halmashauri yake, na kila anapotaja kata ataje na wilaya.

Mkamwana wa Mpuguso

Mwalimu wa shule ya msingi, aliyeolewa na fundi seremala aliyejiajiri, anawasilisha shauri zito kuliko yote yaliyopokelewa. Kama mtumishi wa umma yeye ni mwanachama wa NHIF, mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ambao mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ikikatwa kwa mtumishi na nusu ikilipwa na mwajiri. Uanachama huo unamruhusu kumwandikisha mwenza wake pamoja na wategemezi wasiozidi wanne, mtegemezi akiwa ni mtu ambaye matibabu yake yanalipiwa kwa mchango wa mwingine. Anao watoto watatu, mama yake mzazi na baba mkwe wake, jumla watano kwa nafasi nne, na ukoo wa mume umekwishafanya kikao ambacho yeye hakualikwa.

Hesabu ya kwanza ni rahisi kuliko anavyodhani. Mtoto wake mkubwa, kwa maelezo ya barua, ana umri wa miaka 24 na anaendesha bodaboda kati ya Tukuyu na Ushirika; huyo amekwishapita umri wa kuwa mtegemezi, awe na nafasi au asiwe nayo, na anapaswa kutafuta bima yake mwenyewe, hasa kwa kuzingatia kazi anayoifanya na mvua ya Tukuyu. Wanabaki wanne kwa nafasi nne, na kikao cha ukoo kinaweza kuahirishwa.

Hesabu ya pili inahusu wazee. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka wazee wa umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma, na ipo hoja inayosikika mara kwa mara, hasa kutoka kwa mashemeji, kwamba mzee mwenye msamaha huo hahitaji kuchukua nafasi katika kadi ya mtu. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Msamaha humwondolea mzee malipo ya kumwona daktari, lakini haujazi rafu ya dawa iliyokuwa tupu kabla hajafika dirishani, wala haumfuati katika hospitali isiyo ya serikali au katika duka la dawa lililosajiliwa na bima, mahali ambapo kadi ya NHIF inaweza kumsaidia. Mzee anayetumia dawa za shinikizo la damu kila siku ya maisha yake ndiye mtu ambaye nafasi hiyo iliwekwa kwa ajili yake. Kwa hiyo wazee wote wawili waandikishwe, na kitambulisho cha msamaha kitunzwe kama akiba.

Linabaki jambo la tatu, ambalo mwalimu analitaja kwa aibu katika mstari wa mwisho wa barua, na ambalo safu hii inalichukulia kuwa kiini cha barua yote. Katika mila ya Wanyakyusa, kama ilivyoandikwa na Monica Wilson na kama inavyojulikana na kila bibi wa Rungwe, mkamwana alimwepuka baba mkwe wake kabisa: hakumtazama, hakukutana naye njiani, na hakulitamka jina lake. Fomu ya kumwandikisha mtegemezi, kwa upande wake, inataka jina kamili la mtegemezi, na karani wa dirishani, ambaye huenda ametoka mkoa mwingine, hulisoma jina hilo kwa sauti mbele ya foleni nzima kisha humuuliza mwombaji kama amelisikia sawasawa. Ni nadra taasisi mbili zilizokusudia kumheshimu na kumtunza mzee mmoja kugongana kwa ukali namna hii.

Ingawa mila hiyo imelegea katika nyumba nyingi, si kazi ya bima kumlazimisha mtu aiache siku ya Jumatatu asubuhi. Suluhisho limo ndani ya masharti yenyewe, kwa kuwa uhusiano wa mwanachama na baba mkwe huthibitishwa kwa nyaraka, ambazo ni cheti cha ndoa pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mume kinachoonyesha jina la baba yake. Kwa hiyo mume, ambaye haepukani na baba yake isipokuwa pale anapodaiwa, aandamane na mkewe, alijaze jina kwa mkono wake na kulitamka kwa kinywa chake, naye mwalimu aweke sahihi chini. Picha ya mzee ikihitajika, mume aipige, na mkamwana aibebe ndani ya bahasha iliyofungwa.

Tajiri wa Parachichi

Mkulima aliyeuza parachichi zake vizuri msimu uliopita anaeleza kwamba ameletewa kijarida cha kampuni binafsi ya bima, chenye karatasi ya kung'aa na picha ya familia isiyofanana na familia yoyote ya Rungwe, na kwamba ameahidiwa hospitali zaidi ya hamsini. Anauliza kama aiache NHIF.

Kabla ya kuvutiwa na idadi ya hospitali, msomaji azipange kwa umbali kutoka kitandani kwake. Mbeya iko umbali wa kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800, na mgonjwa wa kidole tumbo hachagui hospitali kwa uzuri wa bustani yake. Kama katika orodha hiyo ndefu hakuna Makandana, hakuna Igogwe, hakuna Itete kwa ndugu zake walioko Busokelo, na Mbeya imewakilishwa na kliniki mbili za meno, basi amenunua bima ya mtu mwingine. Vilevile aulize kikomo cha mafao, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho kampuni italipa kwa mwaka, na aulize kikomo hicho kwa wagonjwa wa nje na kwa wanaolazwa kila kimoja peke yake, kwa sababu vijarida huandika kile kikubwa kwa herufi kubwa. Aulize pia kipindi cha kusubiri, ambacho ni muda kati ya kulipa na kuanza kupata huduma, na kama ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kujiunga utalipiwa. Tajiri anakiri kwamba ana kisukari, na hili ndilo neno la kwanza atakaloulizwa siku ya kudai.

Wala asidhani kwamba mfuko wa umma ni mwamba usiotikisika. Tarehe 1 Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa kutokubaliana na kitita kipya na bei zake, na ingawa huduma zilirejea, tukio hilo lilionyesha kwamba kadi ina thamani pale tu mtoa huduma anapokubali kuipokea. Kampuni binafsi nazo husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, na mteja aliyekataliwa madai yake anaweza kulipeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wakala asiyependa kusikia majina hayo mawili yakitajwa atakuwa amejieleza vya kutosha. Kwa mtu mwenye kisukari anayeishi Tukuyu, safu hii inaona kwamba kubaki alipo bila kuruhusu kadi ikatike hata wiki moja ni bora kuliko karatasi ya kung'aa, kwa kuwa atakayeanza upya ataanza pia kusubiri upya.

Aliyepotea Rufaa

Msomaji wa Masoko mwenye kadi ya CHF analalamika kwamba alifika Mbeya, akaomba kuelekezwa "Rufaa", akaelekezwa vizuri, na kadi yake ikakataliwa.

Jiji la Mbeya lina hospitali ya rufaa ya mkoa na hospitali ya rufaa ya kanda, na wenyeji wanaposema "Rufaa" tu, mara nyingi humaanisha ile ya kanda. CHF iliyoboreshwa ilipangwa kumhudumia mwanachama kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, tena kwa barua ya kumtoa ngazi moja kumpeleka nyingine. Msomaji aliruka ngazi zote, hakuwa na barua, na alivuka kilele kwa hatua moja. Aanzie zahanati ya kijijini kwake.

Pacha wa Ushirika

Msomaji wa mwisho ana kadi, ndugu yake pacha hana, na anauliza kama kuna ubaya kuazimana, ikizingatiwa kwamba picha inawafaa wote wawili.

Upo, na haukomi kwenye udanganyifu ambao unaweza kuwafikisha mahakamani. Kumbukumbu za matibabu zikiandikwa kwa jina moja, kundi la damu, mzio wa dawa na historia ya pacha mmoja vitasomwa na daktari kana kwamba ni vya mwingine, na hata mapacha waliopishana dakika chache tu kuzaliwa hawakuhakikishiwa kuugua ugonjwa mmoja. Wasio na fedha za kadi mbili kwa mkupuo wanaweza kuchangia kwa zamu, ya mmoja katika miezi ambayo chai ina majani mengi na ya mwingine baada ya kuuza parachichi. Jibu hili lilikusudiwa pia kutumwa kwa barua, lakini haikuweza kubainika ni yupi kati ya hao wawili aliyeandika.